Halmashauri isiishie kukagua vituo vya watoto, isaidie kuwalipa walezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo ambalo husifiwa katika hotuba nyingi na kusahaulika siku kitabu cha bajeti kinapofunguliwa, nalo ni malezi ya watoto wadogo wakati wazazi wao wako kazini. Nimekuwa mlezi katika vituo vya kulelea watoto mchana kwa miaka 14. Cha kwanza kilikuwa chumba kimoja na ua katika nyumba ya mwanamke jirani yangu, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyabeba mgongoni.

Kituo kile cha kwanza kilifungwa. Maofisa wawili wa halmashauri walifika asubuhi ya Alhamisi moja wakiwa na orodha ya viwango, wakapita chumba na ua, wakaandika. Choo kilikuwa kimoja palipotakiwa viwili, dirisha lilikuwa dogo, leseni haikuwepo, na mwenye nyumba hakuwa na cheti cha mafunzo ya malezi. Yote waliyoyasema yalikuwa kweli, na sina ugomvi nao kwa kuyasema. Walikuwa watu wa adabu, na mmoja wao alimbeba mtoto aliyekuwa akilia huku mwenzake akijaza fomu. Kisha wakabandika notisi mlangoni, wakaondoka.

Jumatatu iliyofuata, kabla jua halijachomoza, mama mmoja anayefanya usafi maofisini alisimama mbele ya mlango ule na mtoto wake mgongoni, akaisoma notisi kwa mwanga wa simu. Aliisoma tena. Hakulia wala hakugombana na mtu, aliniuliza tu kama kuna kituo kingine karibu, nami nikamjibu kwamba kipo, ila ada yake inazidi nusu ya mshahara wake, kwa maana mshahara wake nilikuwa naujua. Siku chache baadaye nilimwona mtoto yule mgongoni mwa dada yake mwenye umri wa miaka 9, saa nne ya asubuhi, saa ambayo msichana huyo alipaswa kuwa darasani.

Tulikuwa na watoto 22 siku ile ya Alhamisi. Notisi iliwatoa wote katika kituo kisichofikia viwango, na haikumfikisha hata mmoja katika kituo kinachovifikia. Wengine walifungiwa ndani na kuachiwa jirani wa kuwasikiliza wakilia, wengine wakapelekwa kwa bibi ambaye naye alikuwa akihitaji kutunzwa, na wachache waliangukia kwenye vyumba vingine ambavyo maofisa walikuwa bado hawajavifahamu, vyumba vibaya kuliko kile kilichofungwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kazi gani hasa tunayoipa serikali ya mitaa tunapoiambia isimamie malezi ya watoto. Tumeipa kalamu ya kuandika makosa na kufuli la kufungia milango, na hatukuipa chochote cha kumsaidia mlezi anayetaka kurekebisha makosa hayo.

Mtu ambaye hajawahi kuendesha kituo cha watoto hudhani kwamba ubovu wa vituo vingi unatokana na tamaa ya wenye vituo, au na uvivu wa kutafuta njia ya kupunguza gharama. Tamaa ipo, kama ilivyo katika kila biashara, lakini tatizo lenyewe ni la hesabu. Mlezi mmoja anaweza kuwatunza vyema watoto wachanga watatu au wanne, na akipewa zaidi ya hao atakachofanya ni kuwalinda tu wasiumie. Mtambo mmoja huweza kufanya kazi ya wapagazi 20, na karani mwenye kompyuta humaliza kwa siku moja kazi iliyokuwa ya wiki nzima, lakini hakuna chombo kilichobuniwa cha kumpakata mtoto wa miezi 7 anayeota meno, huku mwenzake akibadilishwa nepi na wa tatu akisubiri kulishwa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya gharama za kituo chochote ni ujira wa walezi, na ujira huo haupungui isipokuwa kwa kumwongezea mlezi watoto au kumnyima haki yake.

Tuseme mlezi analipwa sawasawa na mama anayemletea mtoto, na tuseme ana watoto wanne. Kila mmoja wa wazazi hao wanne itambidi atoe robo ya mshahara wake kwa ajili ya ujira wa mlezi peke yake, kabla ya kodi ya nyumba, maji, chakula, sabuni na magodoro. Mwenye watoto wawili atatoa nusu. Akishalipa na kodi ya nyumba anayoishi na nauli ya kwenda kazini, hatabakiwa na sababu ya kwenda kazini. Ndiyo maana tunayaona haya tunayoyaona: mlezi mmoja kuachiwa watoto 15, au mlezi kulipwa kiasi ambacho hakimtoshi kumlea mtoto wake mwenyewe, au ada kupanda mpaka wenye kipato kidogo wajiondoe wenyewe bila kufukuzwa na mtu. Ada nafuu, malezi mazuri na ujira wa haki haviwezi kukaa pamoja katika kituo kimoja mpaka upatikane mfuko mwingine nje ya mfuko wa mzazi, wa mlezi na wa mwenye kituo. Nchi zilizolitatua jambo hili, kwa kiasi chochote kile, zililitatua kwa kuutafuta mfuko huo, na mara nyingi ziliukabidhi kwa serikali za mitaa.

Ufini ilitunga sheria ya malezi ya mchana mwaka 1973 na kuzitwisha manispaa wajibu wa kuhakikisha huduma hiyo ipo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka mwaka 1996 ndipo haki ya kupata nafasi ikawafikia watoto wote walio chini ya umri wa kwenda shule, na ada hupangwa kwa kipato cha familia, wenye kipato cha chini kabisa wakiwa hawalipi kitu. Denmark imeweka mpaka ulio wazi zaidi, kwamba mzazi asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya gharama za kuendesha nafasi ya mtoto wake, na zinazobaki hubebwa na manispaa. Ujerumani ilitoa haki ya kisheria ya nafasi kwa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja kuanzia Agosti 2013, na miaka 3 baadaye mahakama kuu ya shirikisho ikaamua, katika kesi ya akina mama watatu wa mji wa Leipzig, kwamba wazazi waliokosa mshahara kwa sababu manispaa haikuwapatia nafasi wanaweza kudai fidia ikiwa manispaa yenyewe ndiyo iliyozembea. Najua kwamba nchi hizo ni tajiri, na sizitaji ili tujipime nazo kwa fedha. Ninachokitazama ni mahali walipouweka wajibu. Waliuweka mahali ambapo mzazi anaweza kwenda kwa miguu na kugonga mlango.

Wajibu huo unafaa kukaa huko kwa sababu ambazo kila mlezi anazijua. Wizara yaweza kutunga sera nzuri, lakini haiwezi kujua kwamba zamu ya kiwanda fulani huanza saa kumi na mbili asubuhi ilhali vituo vyote vya jirani hufunguliwa saa mbili, wala kwamba mvua ikinyesha akina mama wa ng'ambo ya mto hawavuki. Haiwezi kujua kwamba katika mtaa mmoja kuna nyumba sita zinazolea watoto bila kibao mlangoni. Ofisi ya mtaa inayajua hayo yote, au inaweza kuyajua kwa kuzunguka siku mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya awali na la vituo vya kutunza watoto, na naona waliouandika mpangilio huo walielewa kwamba huduma ya namna hii haiwezi kuendeshwa kutoka mbali.

Huduma za jamii kwa jumla zina tabia hiyo. Afisa wa chanjo anayelazimika kupita nyumba kwa nyumba huwakuta watoto 30 mahali pamoja wanapokuwa kituoni, na anayepima uzito, anayesajili vizazi na anayefuatilia watoto wenye ulemavu nao hupata pa kuanzia. Nitatoa mfano mmoja. Katika kituo nilichofanyia kazi baadaye kulikuwa na mvulana wa miaka 2 ambaye wazazi wake walimwona mkaidi, kwa kuwa hakuitika alipoitwa. Siku moja, wenzake wakiwa wamelala, nilisimama nyuma yake nikapiga makofi. Hakugeuka. Nikapiga tena karibu na sikio lake, naye akaendelea kupanga vizibo vyake sakafuni kwa utulivu uleule. Nilimweleza mama yake jioni ile, lakini ilipita karibu miezi 8 kabla mtoto hajapimwa masikio, kwa maana sikuwa na karatasi ya rufaa wala ofisi ya kumpeleka, na afisa ustawi wa jamii wa eneo letu alikuwa peke yake akihudumia kata kadhaa, akishinda katika kesi za matunzo na migogoro ya ndoa. Miezi 8 kwa mtoto anayejifunza lugha ni muda mrefu mno. Kama kituo kingekuwa kimeunganishwa na zahanati na ofisi ya ustawi wa jamii kwa utaratibu unaojulikana, jambo hilo lingechukua wiki moja.

Wako wasomaji watakaosema kwamba malezi ni kazi ya familia, na kwamba serikali ikiingia humo wazazi watajivua wajibu wao. Nayaheshimu maoni hayo, kwa sababu mara nyingi hutolewa na watu waliolea vizuri. Lakini lugha yetu wenyewe inasema mkono mmoja haulei mwana, na waliotuachia msemo huo hawakuwa wakizungumzia baba na mama peke yao. Mikono mingine ilikuwapo kwa shangazi, kwa bibi, kwa jirani asiyetoka nyumbani. Leo shangazi naye yuko kazini, bibi yuko mbali, na jirani amehamia mwezi uliopita. Mama anayemleta mtoto kituoni saa kumi na mbili asubuhi na kumchukua saa kumi na mbili jioni hajajivua kitu, kwa maana anayoyafanya katikati ya saa hizo ndiyo yanayomlisha mtoto huyo. Nimewaona akina mama wakinyonyesha mlangoni huku viatu vya kazini vikiwa bado miguuni. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi ya matunzo isiyolipwa hutumia saa bilioni 16.4 kila siku duniani kote, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo hutolewa na wanawake. Familia haijaacha kulea. Inalea hadi inachoka, na pale inaposhindwa kufika humtuma msichana wa miaka 9.

Tena jambo hili si hisani ambayo halmashauri inaombwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote za dunia zimeuridhia, unasema katika ibara ya 18 kwamba nchi zichukue hatua zote zinazofaa ili watoto wa wazazi wanaofanya kazi wapate haki ya kunufaika na huduma za malezi. Watia saini walikuwa serikali za nchi, lakini mtoto huishi mtaani, na haki hiyo isipomfikia hapo haipo.

Faida yake nayo haihitaji kukisiwa. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, mradi ulioanza mwaka 1962 uliwafuatilia watoto 123 wa familia maskini, 58 kati yao wakipewa elimu ya awali yenye walimu wazuri na kutembelewa nyumbani. Walipofikia umri wa miaka 40, wale 58 kwa jumla walikuwa wamemaliza shule kwa wingi zaidi, wana kipato kikubwa zaidi, na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Mradi mwingine, ulioanza mwaka 1972 huko North Carolina, uliwalea watoto kuanzia uchanga mpaka miaka 5, kutwa nzima na mwaka mzima, nao ulionyesha manufaa yaliyodumu mpaka utu uzima. Ni miradi midogo na ya zamani, na sitaki kuibebesha uzito kuliko inavyostahili, lakini yote miwili ilikuwa na walezi wa kutosha waliofundishwa na kulipwa, na hapo ndipo ninapotaka tupatazame.

Kwa maana unafuu peke yake hautoshi, na ningekuwa nadanganya kama ningesema unatosha. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza mwaka 1997 kutoa malezi kwa dola 5 kwa siku, na akina mama wengi wakaingia kazini kwa kasi iliyoshangaza wachumi. Lakini mahitaji yalizidi nafasi, vituo vikafunguliwa haraka, na watafiti waliokuja baadaye walikuta kwamba baadhi ya watoto walikuwa na wasiwasi na ugomvi zaidi kuliko kabla ya mpango huo. Tofauti ilikuwa kubwa baina ya vituo visivyotafuta faida, vinavyoongozwa na bodi zenye wazazi wengi, na vile vya biashara vilivyofunguliwa kuziba pengo, ambavyo kwa wastani ubora wake ulikuwa chini. Mimi sishangai. Mlezi aliyeongezewa watoto ghafla hana muda wa kumwangalia mtoto usoni anapomlisha, na mtoto analijua hilo kabla hajajua kusema.

Hili linanirudisha kwa walezi, ambao wamekuwa wakiubeba mpango mzima kwa bei ya chini. India ilianzisha huduma yake kubwa ya watoto wadogo mwaka 1975, na wanawake wanaoiendesha katika vijiji na vitongoji wameitwa kwa miongo mingi watu wa kujitolea, wakipewa posho badala ya mshahara, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 2022 kwamba wanastahili kulipwa kiinua mgongo kama wafanyakazi wengine. Kolombia iliwafungulia akina mama wa mitaani nafasi ya kulea watoto wa majirani katika nyumba zao kuanzia miaka ya 1980, lakini ni mwaka 2014 tu ndipo walipopewa mikataba ya kazi na kima cha chini cha mshahara. Nchi hizo mbili zilifanya jambo kubwa kwa watoto, nazo zililifanya kwa mikono ya wanawake ambao hawakulipwa walichostahili. Natamani sisi tusianzie huko. Tunapoitaka halmashauri itenge fedha za malezi, sehemu ya kwanza ya fedha hizo iwe ujira.

Naisisitiza sehemu hiyo kwa sababu halmashauri, inapopata fedha, hupenda kujenga. Jengo huonekana, lina jiwe la msingi, na diwani anaweza kulionyesha wakati wa kuomba kura. Nimewahi kuishi karibu na jengo la namna hiyo. Lilikuwa na madarasa mawili yenye picha za wanyama ukutani, vyoo vidogo vinavyolingana na kimo cha watoto, na bembea nne uani. Lilizinduliwa, likafungwa kwa kufuli kusubiri walezi, na walezi hawakupatikana kwa sababu hapakuwa na kifungu cha kuwalipa katika matumizi ya kawaida. Minyororo ya bembea ilishika kutu kabla haijakaliwa na mtoto. Mtaa wa pili kutoka hapo, mwanamke mmoja alikuwa akilea watoto 12 sebuleni kwake.

Huko Italia, katika kitongoji cha Villa Cella karibu na mji wa Reggio Emilia, wakazi walijenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao mwaka 1945, vita vilipokwisha, kwa fedha walizopata kwa kuuza kifaru, malori na farasi vilivyoachwa na jeshi la Wajerumani. Habari hiyo imesimuliwa sana, na inastahili. Sehemu isiyosimuliwa sana ni iliyofuata: akina mama na walimu waliishinikiza manispaa miaka na miaka mpaka, katika miaka ya 1960, ikaanza kufungua shule zake za watoto wadogo na kuzibeba zile zilizoanzishwa na wazazi. Kifaru huuzwa mara moja, lakini mshahara wa mwalimu hulipwa kila mwezi. Nguvu za wananchi zinaweza kuinua kuta na kununua mikeka, na hapa kwetu sisi walezi tumefanya hivyo mara nyingi, lakini hakuna harambee inayoweza kulipa mishahara kwa miaka 10 mfululizo.

Kuhusu fedha, sitajifanya mtaalamu wa hazina. Najua kwamba mapato ya ndani ya halmashauri nyingi ni madogo na kwamba zahanati, barabara na takataka zote zinasubiri kwenye foleni ileile. Lakini jambo hili halilazimiki kuanza kwa ukubwa. Nyumba zinazolea watoto zipo tayari, na wanaolea wapo tayari. Halmashauri inaweza kuanza kwa kuziorodhesha bila kuzitisha, na kuzipa usajili wa hatua kwa hatua, ambapo nyumba yenye usalama wa msingi inapewa kibali cha muda na tarehe ya kutimiza yaliyobaki. Inaweza kuwalipia walezi mafunzo, na kumwajiri mlezi mmoja mzoefu kwa kila kata awe anazitembelea nyumba hizo, akileta ushauri na karatasi za rufaa za zahanati badala ya notisi. Inaweza kuchangia ujira wa mlezi kwa kila mtoto wa familia ambayo haiwezi kulipa ada kamili, na kuuacha mchango huo umfuate mtoto anapohamishwa. Mwaka 1969 jijini Delhi, shirika la Mobile Creches lilianza kulea watoto wa vibarua palepale kwenye maeneo ya ujenzi, wakati wengi waliamini kwamba hapawezekani kulelewa mtoto mahali kama hapo. Lilianza na watoto waliokuwapo mahali hapo, bila kusubiri jengo.

Leseni nayo itazamwe upya. Sijui ni kwa mantiki gani mwanamke anayelea watoto 10 hutozwa kama mfanyabiashara kabla hajasaidiwa kama mtoa huduma. Na saa za kufungua vituo zipangwe kwa kuwauliza wazazi, kwa sababu kituo kinachofungwa saa tisa alasiri kimejengwa kwa ajili ya mtu asiye na kazi ya zamu.

Natambua kwamba madiwani wetu watakaa hivi karibuni kuyapitia makadirio ya mwaka ujao. Nawaomba wasomaji wanaoweza kufika kwenye vikao hivyo waulize swali moja bila kuchoka: kifungu cha kuwalipa walezi wa watoto wadogo kiko ukurasa gani? Wakijibiwa kwamba kimo ndani ya ustawi wa jamii, waombe waonyeshwe. Wakionyeshwa ujenzi, waulize juu ya mishahara.

Mwenye nyumba ile iliyofungwa hakukataa kujenga choo cha pili. Siku chache baada ya notisi alikwenda mwenyewe ofisini, akiwa amevaa nguo zake za kanisani, akaomba apewe miezi 6. Alisema atajenga choo kwanza, kisha atapanua dirisha, na cheti atakitafuta chuo kikifungua. Aliyemsikiliza alimwonea huruma, akamwambia kwamba kanuni hazikumpa yeye mamlaka ya kutoa muda, ila ya kufunga na kufungua tu. Tangu wakati huo sijasikia kwamba kanuni hizo zimebadilishwa. Naomba madiwani wazibadilishe katika kikao hiki, na waipe ofisi ile uwezo wa kutoa miezi 6, pamoja na fedha kidogo za kumsaidia mwenye nyumba kuchimba shimo.

Wako katika huduma,
Mlezi wa watoto